Kaseti ya Velina Dee Inavyotaka Kuvunja Harusi Yangu

Akheri, Meru,
Agosti, 1988

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Burudani,

Nakusalimu kwa heshima zote. Kwa kuwa sijui umri wako, pokea shikamoo ya akiba. Kama huistahili utanirudishia tukionana.

Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba, na ni shabiki wa Velina Dee tangu enzi zake za disko, alipokuwa akiimba kwa sauti nyembamba kama filimbi ya refa. Sasa ametoa kaseti mpya ya pop, na enzi hizi za ruksa ya bidhaa za nje kaseti hiyo imetufikia mpaka mlimani, imepangwa dukani kando ya sabuni. Mchambuzi wenu ameandika kwamba ni kaseti ya kuchangamsha, na kwamba vinanda vyake vinakimbia. Kwa adabu kubwa nasema mchambuzi huyo hakuisikiliza. Kaseti ile ni ya huzuni tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno yake yanakaribia kuninyima mke, ndiyo maana naandika.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili msiyachanganye na ya watu wengine.

1. Sauti. Velina amekomaa. Ile filimbi imekwisha. Sasa anaimba besi, taratibu, neno analianza hapa na kulimalizia ng'ambo ya mto. Tunamsikiliza kila jioni kwenye redio-kaseti ya mama, na Meru nzima hakuna redio inayotunzwa kama ile. Betri zake tunazianika juani pamoja na kahawa, nazo zinatutumikia kwa uaminifu tangu msimu wa mwaka juzi. Kwa hiyo mtu asiseme vyombo vyetu ni vibovu. Hata kaseti ya kwaya yetu wenyewe, kwenye redio hiyohiyo, inaimba kwa unyenyekevu ambao kanisani haiuonyeshi. Nadhani ni adabu ya kurekodiwa.

2. Mashabiki wa mjini. Nina mchumba, Hedwiga, binti wa Kichaga anayeishi Sokon I, Arusha mjini, ambako kwao wana umeme wa ukutani na duka la vitambaa. Yeye ni Mkatoliki, mimi ni Mlutheri, na watu walitutabiria kwamba dini itatushinda. Haikutushinda. Padri na mchungaji walikunywa chai pamoja, wakayamaliza. Kilichotushinda ni Velina Dee. Kaka yake Hedwiga, Romanus, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi, anasema kaseti ni nzuri kwa sababu inakimbia, na anataka maharusi tuingie nayo ukumbini. Anneth wa Elerai, katibu wa kamati, anasema ni mbaya kwa sababu inakimbia, na kwamba Velina amewafukuza wapiga fidla wa disko akaajiri mashine. Yaani kwenye uzuri wanagombana, lakini kwenye uongo wameshikana mikono. Niliposimama kikaoni nikasema kaseti inatambaa, na kwamba tukiingia nayo ukumbini wageni watavua kofia, kikao kizima kilinicheka. Romanus akauliza kama ukoo wetu una ugonjwa wa masikio. Wajomba zangu wawili walikuwepo. Kikao kilivunjika na supu ikabaki kwenye sufuria.

3. Hedwiga mwenyewe. Hapa naandika kwa uchungu. Ameniambia kwamba anaweza kuishi na mtu wa dhehebu jingine, anaweza kuishi mlimani, anaweza hata kuishi na mtu asiyejua kucheza. Lakini mtu anayesikia msiba ndani ya wimbo wa furaha anamwogopa, kwa sababu siku yeye atakapocheka, mtu huyo atadhani analia. Nampenda Hedwiga kuliko ninavyoweza kueleza kwenye gazeti. Lakini sitaki kuianza ndoa kwa kusema nimesikia kitu ambacho sikukisikia, na yeye amesema atafikiria upya.

4. Hasara kwa usharika. Mzee Aminieli, mzee wa kanisa, alipita kwetu jioni moja akamkuta Velina anaimba. Alivua kofia. Alisema besi kama ile haijasikika kanisani kwetu tangu marehemu baba yake, na kwamba kwaya yetu ina sauti za juu za kutosha kugawia wilaya ya jirani. Amekwishaandika barua ya kumwalika Velina aje asimame mstari wa nyuma sikukuu ya mavuno, na ameianza kwa "Mpendwa Bwana Velina." Sikupata moyo wa kumsahihisha. Barua hiyo naiambatanisha hapa, kwani ninyi mtakuwa na anwani.

Kwa hayo yote, naomba mambo machache tu. Mchambuzi wenu aombe radhi kwenye ukurasa wa mbele. Kaseti hiyo iondolewe kwenye burudani, ihamishiwe maombolezo. Wakazi wa Sokon I na Elerai walioisikia ikikimbia wapimwe masikio na serikali, akianza Romanus. Na kama hayo ni mazito, basi mkoa ugawanywe: kuwe na Arusha ya wanaosikia haraka na Arusha ya wanaosikia taratibu, mpaka uwekwe Tengeru karibu na soko, na Hedwiga apewe kibali cha kuvuka saa yoyote anayotaka bila kuulizwa swali.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa, mpika chai, na mchambuzi pia, maana sina chuki naye, nina masikitiko tu. Mama anawasalimu. Mzee Aminieli anawasalimu na anauliza kama Bwana Velina anakula ndizi.

Wako katika kutetea masikio ya mlimani,
Elimringi Nnko

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, Hedwiga amepanda mlimani kuja kuisikia huzuni yangu kwa masikio yake. Kwa kuwa haendi kwa mama mkwe mikono mitupu, alimletea mama betri mpya. Alisikiliza wimbo wa kwanza akiwa amesimama, machozi yakamlengalenga, akasema kumbe sikuwa namdanganya. Halafu akafungua mgongo wa redio, akatoa betri zetu, akaweka zake. Velina alitoka mbio kama mbuzi aliyekata kamba. Mama aliacha sufuria. Mzee Aminieli, aliyekuja kuulizia majibu ya barua ambayo bado haijaondoka, akataka kujua yule mzee aliyekuwa anaimba amekwenda wapi. Hedwiga alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la kahawa, na mimi nilimsikia vizuri kabisa kwamba anacheka.

Malalamiko yote nayaondoa, pamoja na mpaka wa Tengeru. Barua naituma hivyohivyo kwa sababu mwandiko umetoka vizuri. Betri kuukuu Hedwiga amekataza zisitupwe: gauni lake ni refu, halitaki mbio, na anataka tuingie ukumbini na Velina wangu, ndipo tukishakata keki tuweke wa Romanus. Kwa sasa zipo juani, pamoja na kahawa.