Profesa wa Vitenzi

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi wa tasnifu yangu kanipa siku nne. Kufikia Ijumaa nimletee vyanzo vya kielektroniki vinavyopanga vitenzi vya Kiingereza katika makundi, la sivyo jina langu linafutwa. Mwaka wa tatu huu, kasema, na bado sijavuka utangulizi. Utangulizi mzuri lakini!

Anayevijua vyanzo hivyo ni mkutubi wa chumba cha kompyuta, mdogo wake mke wangu. Simwulizi ng'o. Likizo iliyopita nilitamka mbele ya mama mkwe kwamba kazi ya mkutubi ni kupangusa vumbi. Leo nimwendee kwa uso gani?

Nimetafuta mwenyewe. Saa tano nzima! Nimepata wimbo wa watoto, na mchezo wa chura anayemeza vitenzi. Nimefika hatua ya kumi na moja. Si haba.

Jumanne, 5 Machi
Akili imefunguka! Nimefungua anwani ya barua pepe ya profesa mstaafu wa ng'ambo. Jina nimelitoa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Profesa kamwandikia shemeji, kwa unyenyekevu mkubwa, akiomba msaada.

Jibu baada ya dakika ishirini. Vyanzo sita! Kimoja kinaweka pamoja vitenzi vyenye maana za kukaribiana na vinavyokaa kwenye sentensi kwa namna moja. Kingine kinaonyesha kila kitenzi kinahitaji nani: mtenda, mtendwa, chombo. Na maelezo juu: kitenzi cha kuvunja na cha kupiga haviishi nyumba moja, kwa sababu Kiingereza kinaruhusu kioo kivunjike bila kumtaja aliyekivunja, ila kwenye kupiga hakiruhusu.

Mwishoni kaandika kwamba hili ni swali la msomi aliyekomaa. Nimevimba kichwa, hadi nilipokumbuka anayesifiwa ni nani. Wivu umenishika.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Shemeji kamsimulia msimamizi. Sasa msimamizi anataka profesa azungumze na idara Ijumaa, kwa video. Mwenyeji wake? Mimi!

Profesa kajibu upesi kwamba sauti imemkauka. Shemeji kampa pole nyingi, kasema hakuna shida, atajibu maswali kwa kuandika na majibu yataonekana ukutani. Mwanamke huyu anasaidia kupita kiasi.

Alhamisi, 7 Machi
Sirudi nyuma. Nimevisoma vyanzo vyote vilivyofunguka, vitano, toka asubuhi hadi jioni, kalamu mkononi. Havielewani! Kitenzi kile kile, hapa kimo kundi hili, kule kimehamia kwa jirani. Nimejaza daftari zima kwa hasira.

Mke wangu kauliza kwa nini nisimpigie tu mdogo wake, jambo la dakika moja. Nimemweleza kwamba utafiti hauna njia za mkato.

Ijumaa, 8 Machi
Ukumbi umejaa. Simu mfukoni, imezimwa mlio. Msimamizi kauliza kwa nini vyanzo vinapingana. Nimeomba radhi, tumbo. Kule chooni profesa kajibu aya tatu. Narudi, nakuta makofi! Swali la pili, tumbo tena. La tatu, tumbo. Mhadhiri wa mstari wa mbele kanipenyezea kidonge.

Kisha shemeji kashika kipaza sauti.

"Profesa, sauti inaendeleaje?"

"Nashukuru, leo nafuu."

Nani kajibu? Mimi. Kwa mdomo wangu. Ukumbi mzima ukanigeukia.

Shemeji hakucheka. Kaweka kipaza sauti mezani, kasema taratibu, "Shemeji, si ungekuja tu kuniuliza?" Hapo nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Laiti angecheka!

Msimamizi kaniita ofisini. Nikajua nimekwisha. Kumbe majibu ya chooni ndiyo kazi ya kwanza ya maana aliyoiona kwangu tangu anijue. Jina halifutwi. Masharti mawili: niyaandike yawe sura nzima, na nimwombe shemeji radhi kwa maandishi, kwa jina langu mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekaa kuandika radhi. Maneno hayaji. Isitoshe, kile chanzo cha sita kinadai nywila, nayo anayo yeye. Kuomba radhi na nywila katika barua moja ni kukosa adabu. Tuanze na nywila.

Nimefungua anwani mpya. Safari hii ni mhadhiri wa kike, mjane, kutoka kisiwa cha mbali. Barua tamu, ya heshima. Mwenyewe nilikaribia kumwonea huruma.

Jibu baada ya dakika nne: "Nywila hii hapa, shemeji. Nasubiri ile barua nyingine."

Kosa nimeshaliona. Mjane alizidisha salamu. Barua ya radhi itaandikwa na mtawa. Nani atamshuku mtawa?