Ombi la Kusajiliwa kama Kiumbe wa Seli Moja

Kwa Mwalimu Onyiego,
Mwenyekiti, Kamati ya Chemchemi ya Bondeni.

Baba, pokea heshima zangu. Naomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Nina mikono miwili tu: mmoja ulimshika Ronny wangu anayehara tangu Jumapili, mwingine ukashika beseni.

Mkutanoni ulitufundisha kwamba amiba ni kiumbe duni wa seli moja, hana mdomo wala ubongo, na sisi wenye seli nyingi hatuwezi kushindwa naye. Nimemfahamu kupitia tumbo la mwanangu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Amiba akitaka mtoto hujigawa sehemu mbili, basi. Hatumwi pamba wala nguo za mtoto hospitalini. Mimi nilibeba miezi tisa, na bado niliulizwa mbona sionekani shambani kuchuma majani chai.

2. Hali ikiwa ngumu, hujifungia ndani ya ganda akalala mpaka mambo yatulie. Mimi nikilala mchana mara moja tu, nasikia ikisemwa kwamba mimi, mke wa Manasseh, ni mvivu.

3. Mtungi wa klorini, dawa ya kusafisha maji, ulioko chemchemini uliutia kufuli, ukisema akina mama tunaiba dawa tukang'arishe nguo za Sabato. Ni kweli, soksi ziling'aa sana. Lakini sasa ufunguo unashinda shingoni mwako chini ya tai, nasi tunateka maji hivyo hivyo. Amiba hahitaji ufunguo. Kwa hiyo anayelindwa na kamati ni yeye.

4. Siku hiyo ya mkutano wewe ulikunywa maji ya chupa. Sisemi kitu.

Basi naomba kamati inisajili mimi na Ronny kuwa viumbe wa seli moja, ili nasi tufikiwe na ulinzi huo.

Nisalimie Mama Ruth, wajukuu, na wanakamati wote, hata waliosinzia.

Mimi mtiifu wako, niliyechoka,
Valentine, mama Ronny.

Baada ya kutia sahihi: Ronny ameamka, ameomba uji, kisha amening'ang'ania shingo kama kupe. Amiba akishajigawa hamjui tena mwanawe. Futa ombi langu, baba. Nabaki na seli zangu zote, hata zinazouma. Ila leo hii bado nahitaji uniletee: pakiti nne za ORS za kumrudishia Ronny maji mwilini, vidonge vya zinki, dawa ya kujaza mtungi, na ufunguo.