Goli la Ugoko Wangu wa Kushoto

Jumatatu, 4 Februari 2019
Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Gari limegoma kuwaka. Si kitu. Gazeti limenichoma kuliko baridi.

Klabu yetu ya hoki ya barafuni, Niskakoski, inatimiza miaka themanini. Bi Sirkka Pohjala, mwalimu mstaafu, ameiandikia kitabu cha historia. Kitazinduliwa uwanjani Jumamosi ya tarehe 16, na siku hiyo jezi ya mfungaji wa goli la 1978, goli lililotupa ubingwa wetu wa pekee, itapandishwa darini. Namba yake itagandishwa. Hakuna atakayeivaa tena mpaka kiama. Namba gani? Saba! Ya Oiva Tuomaala!

Oiva alipiga, sikatai. Lakini kile kisahani cheusi tunachokipiga kwa magongo kiligonga ugoko wangu wa kushoto kikabadili njia, na kwa sheria goli ni la aliyekigusa mwisho. Mimi! Ensio Mäkiranta, namba kumi na tisa! Miaka arobaini na moja nimeinyamazia dhuluma hii, isipokuwa kwenye harusi, mazishini na ndani ya sauna.

Jumanne, 5 Februari
Nimempelekea Bi Sirkka keki za Runeberg, zile za sikukuu ya leo ya mshairi wetu. Kala mbili ndipo akaniuliza nataka nini. Nikapandisha suruali kumwonyesha kovu. Akasema kwake linafanana na meno ya mbwa. (Mbwa aliuma chini zaidi!) Penye nia pana njia, nikaendelea kubembeleza. Mwishowe akasema nimletee maneno ya Oiva mwenyewe, kwenye karatasi, yenye sahihi, kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo saa sita mchana. Baada ya hapo kitabu kinakwenda kwa mchapaji.

Oiva yuko hospitali, mapafu. Sijamwona tangu Oktoba. Nimekuwa na shughuli nyingi. Shughuli gani, sikumbuki.

Alhamisi, 7 Februari
Wodi ya nne. Mpango: andazi la iliki juu, karatasi chini. Amekonda vibaya. Mikono iliyokuwa ikivunja magongo leo imeshindwa na kifuniko cha mtindi. Niliumia moyo, kweli. Kisha nikatoa karatasi.

Akacheka mpaka nesi akaja mbio na oksijeni. “Wee Ensio! Hata salamu hujamaliza!” Nesi akanitoa nje. Oiva akanipigia kelele kupitia mlangoni nirudi Jumanne, nije na karata.

Andazi alibaki nalo. Mtu hali andazi la adui yake. Dalili njema.

Jumanne, 12 Februari
Kanifunga michezo mitatu. Mmoja nilimwachia.

Halafu akasema jambo ambalo natamani nisingelisikia. Ni kweli kisahani kiligonga ugoko wangu. Ndiyo maana kilienda pembeni, akasema, hakikupita mbele ya goli hata kidogo. Wavu ulikuwa umechanika ubavuni karibu na nguzo, kikapenya pale. Yeye aliona. Mwamuzi hakuona. Taa nyekundu ikawaka, mji mzima ukamwagika barafuni. Kesho yake alfajiri Oiva alirudi peke yake akashona tundu kwa kamba ya kiatu.

“Mimi sikufunga. Wewe hukufunga. Hakuna aliyefunga, ndugu yangu.”

Nilidhani ni dawa. Akaomba karatasi. Akaandika polepole, mkono ukitetemeka: juu, kwamba aliyekigusa mwisho ni Ensio, chini, habari yote ya tundu. Mwisho kabisa, sahihi. “Si unalitaka goli? Haya, libebe lote. Mimi nimechoka nalo.”

Kisha akasema Alhamisi ni Siku ya Marafiki. Daktari hampi siku nyingi. Mke alitangulia, watoto hana. Nije asubuhi nikae naye tu, bila karatasi. Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wote.

Jumatano, 13 Februari
Nimefikiri. Nikiitoa karatasi nzima, mji unapoteza ubingwa, nami napoteza goli siku ile ile ninayolipata. Haina faida kwa yeyote! Nikachukua mkasi, nikakata chini ya jina langu.

Sahihi ilikuwa upande wa pili wa mkasi.

Mjinga mimi! Nikaikata sahihi peke yake nibandike juu. Gundi ikayeyusha wino. Vidole viwili viko pamoja mpaka sasa. Mabaki ya chini nimeyatia jikoni kwenye moto.

Alhamisi, 14 Februari
Nilikwenda kwa Bi Sirkka kwanza. Nilijiambia ni dakika kumi tu, Oiva atangoja.

Akaitazama karatasi, akauliza sahihi iko wapi na lile doa ni nini. Akaniambia nikimbie kwa Oiva mara moja, muda bado upo, nimpigie yeye simu nikiwa pale kitandani. Mwanamke mwenye akili. Lakini nilibaki kubishana juu ya ukubwa wa picha yangu. Saa sita ikapita.

Nilifika wodini saa saba. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Nesi alisema alikata roho saa tano na nusu. Alisema kila mlango ulipofunguka, Oiva aliuliza kama ni mimi.

Nilikaa kwenye kiti mpaka wakahitaji kiti.

Jumamosi, 16 Februari
Jezi namba saba imepanda darini. Watu elfu nne wamesimama kimya. Nimelia kwa sauti. Bi Sirkka alinishika mkono, akidhani namlilia Oiva. Na kweli nilimlilia. Nusu kwa nusu, labda zaidi.

Akaninong'oneza, maskini, kunifariji, kwamba vitabu vyote vimekwisha na Pasaka watachapa tena. Kama Oiva aliacha karatasi yoyote yenye sahihi, bado inaweza kuingia.

Nimerudi nyumbani moja kwa moja. Ninazo kadi zake za Krismasi, arobaini, kila mwaka moja. Mimi nadhani nilimtumia mbili. Nimezipanga mezani, nimetoa kalamu ya wino. Mkia wa T nimeuweza. Ile O bado inatetemeka, lakini mkono wake pia ulitetemeka siku ile, kwa hiyo itafaa.