Kompyuta ya Ofisi ya Jadida Imekataa Kufa

Ofisi ndogo, Jadida, Wete.

Kwa Mheshimiwa Katibu, Mzee Masika, Jumuiya ya Kuhudumia Mahujaji,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kwa unyenyekevu, kama mdogo wako, maana jambo hili nimelibeba kifuani tangu Ramadhani na sasa limenishinda. Kompyuta ya ofisi imekataa kufa, na kanuni yenu ni kwamba hakiletwi kipya mpaka cha zamani kife. Tazama hali ilivyo:

1. Ina miaka kumi na minane. Imebadilishwa feni mara tatu, diski mara mbili, na kile kisanduku cha umeme kiliungua kikatiwa chengine. Prosesa ni ile ile. Fundi Fahmi kaniambia, "Bi Zulekha, prosesa hazifi ovyo. Hii itatuzika, mie na wewe."

2. Hapa nakiri kosa langu. Siku ilipoungua nilikwenda kwa Shehe Nyange akaniandikia kombe, aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani, nikaziosha kwa maji nikaipangusa nayo kwa nje, waya nimeuchomoa. Fahmi akatia kisanduku kipya, ikawaka. Tangu hapo haijapata hata mafua.

3. Uzima huo hauna faida. Programu mpya mliyotuletea inasema prosesa hii haiitambui. Nimezima, nimewasha, nimesoma Bismillahi, wapi! Printa mpya nayo, waya wake hauna tundu la kuingia. Imekuwa kama mzee aliyefiwa na hirimu zake wote: afya anayo, wa kuzungumza naye hana.

4. Majina ya mahujaji wetu kumi na mmoja lazima yaingie kwenye programu hiyo kabla ya Ijumaa. Bi Mize wa Msuka ana miaka sabini na sita na begi ameshalifunga. Akikosa, nimwambie kazuiwa Makka na mashine nzima?

5. Mlinijibu nisubiri. Mwenyekiti, Mzee Mbarouk, akaongeza kwamba kikongwe hakitupwi. Nafahamu uchungu wake. Kiti kile kakikalia tangu kabla ya kompyuta, na simu yake humpokelea mjukuu.

6. Kwa hivyo naomba kanuni ibadilishwe. Chochote, na yeyote, asiyeoana na mambo mapya apumzishwe kwa heshima, hata kama bado anapumua. Asomewe dua, avishwe joho, arudi kwake. Tusioneane haya.

Nisalimie nyumbani kwako, na wajumbe wote, na Mzee Mbarouk pia, ila namba tano usimsomee.

Mdogo wako katika kheri,
Zulekha Hamdan, Karani.

Nyongeza: Muhuri nimeshaugonga, barua siwezi kuichana. Fahmi kapita sasa hivi, majina yote kumi na moja kayaingiza kwenye programu kwa simu yake, tumekaa barazani, hata chai haijapoa. Bi Mize nimempigia, kapiga kigelegele. Kisha Fahmi kaniambia kwamba kila ofisi iliyoletewa kompyuta mpya, imeletewa pamoja na karani mpya aliyeisomea. Namba sita ifuteni. Kompyuta yetu ni nzima, alhamdulillahi, wala hatuna haraka. Kesho namwendea Shehe Nyange aniandikie kombe jengine, na safari hii litoshe wawili.