Ufunguo Uliowapa Watu Wote

Kwa mkwe wetu mtarajiwa Régis, Goma,

Ninakuandikia kwa heshima na kwa hasira. Barua hii anakuletea Mama Belise, anayevuka mpaka kuuza nyanya zake, kwa sababu simu siiamini tena.

Nimesikia umeweka mtandaoni kitu kinachoitwa ufunguo wa hadharani. Keza amenieleza vizuri: yeyote anauchukua, anafunga nao ujumbe wake, na wewe peke yako ndiye unayeweza kuufungua. Nimeelewa. Ndiyo maana nalalamika.

1. Ufunguo umewapa watu wa dunia nzima kabla ya kunijulisha mimi, shangazi yake Keza, ambaye maneno yote ya uchumba wenu lazima yapitie kwangu.

2. Tangu simu ya Keza izame ziwani kule Rubona, anatumia yangu. Zamani nilikuwa narekebisha ujumbe wake kabla haujaondoka. Akiandika "nimekukumbuka sana", nafuta "sana", ili binti yetu asionekane ana haraka. Siku hizi naona herufi na tarakimu tu, kama kuku amepita juu ya unga. "Sana" ngapi zimekufikia? Sijui, na usingizi sipati.

3. Jirani yangu Mukantwari aliniuliza uchumba umefikia wapi. Nikajibu sijui. Mimi! Mtaa mzima wa Mbugangari umekuja kunipa pole.

4. Nilizipeleka herufi zile kwenye kikundi cha maombi, tukazisoma kwa sauti. Wawili walilia, na Mama Kankindi akadai ameelewa kila kitu. Alikataa kutuambia.

Bon, ninachoomba ni kidogo. Futa ufunguo huo mtandaoni. Na ule mwingine wa siri, wa kufungulia, uniletee siku ya mahari, mbele ya wazee, niutunze mimi mpaka harusi. Ng'ombe tunaweza kujadiliana, ufunguo hapana. Usipouleta, sitasimama upande wenu, na unajua harusi bila shangazi haiendi. Familia yenye adabu haifichani kitu.

Wasalimie wazazi wako na wote wa nyumbani, hata yule kaka yako asiyeitikia salamu.

Ni mimi anayekupenda bado,
Shangazi Pascasie, Mbugangari, Gisenyi

P.S. Ukija, nitengenezee na mimi ufunguo kama huo, haraka, na Keza asijue. Mzee Habineza wa Rubona, yule aliyefiwa na mkewe, ameanza kuniandikia kila jioni, na Keza anasoma yote kabla yangu. Jana nilimjibu kwamba nami nimemkumbuka. Keza akaongeza "sana".