Wapangaji wa Chini ya Mbolea

Jumatatu, 3 Machi
Miezi mitano hujakanyaga hapa, mjukuu wangu. Ulinifundisha herufi, ukaniachia daftari, ukapotea kama moshi. Haya, nitaandika humu, siku ukija usome aibu yako.

Leo nimefukua rundo langu la mbolea kwenye kona nyuma ya bafu. Nikatoa kitu. Kirefu kama mwiko, samawati iliyopauka, mwili pingilipingili. Macho siyaoni. Hakikuuma, kilitafuta tu udongo wa kujificha, kama babu yako akisikia wageni.

Akili ikanijia. Jirani yangu mshonaji anaitaka kona hii afunge kamba za nguo. Ameshamwambia mwenye nyumba eti mboga zangu zinaleta mbu. Nitamtisha.

Jumanne, 4 Machi
Nimempelekea mshonaji kile kitu kwenye beseni. Nikamwambia ni nyoka, na wenzake wamejaa pale konani, akae mbali. Akapanda juu ya meza ya cherehani, na mwili wake ule! Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jioni mwenye nyumba ametuma neno. Amesikia kuna nyoka. Jumamosi mafundi watafukua kona yote na kumwaga zege.

Nimejipalia makaa mwenyewe. Miaka kumi na mmoja nalima pale. Nikiikosa kona ile, kazi yangu itakuwa kutazama ukuta.

Jumatano, 5 Machi
Mpango mpya. Nawahamisha wote, halafu naapa hakuna nyoka. Nimewatoa watatu, nikawalaza kwenye ndoo ya mchanga mkavu, safi, juani, wapate joto. Kurudi, wamelegea, ngozi imesinyaa kama ganda la kitunguu. Kumbe hawa ni watu wa unyevu!

Nimewamwagia maji, nikawarudisha kwenye udongo mbichi, nikawabembeleza kama watoto wenye homa. Mmoja akajikunja, akazama. Wakafuata wawili.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwita bwana shamba aje aape kwamba ni nyungunyungu. Kijana mkaidi, uongo hataki. Amesema si nyungunyungu wala nyoka. Ni jamaa ya chura, ila hana miguu, na maisha yake ni udongoni. Hamdhuru mtu.

Akainua udongo taratibu. Mama amejikunja, watoto wamemzunguka, wanambandua ngozi kwa vimeno vyao na kuila. Nikauliza mbona hawafukuzi. Akasema ngozi hiyo mama huinenepesha kwa ajili yao, na huota upya.

Nimelia. Mama yako na wajomba zako niliwalea hivyo hivyo, ila yangu haikuota.

Nimemsihi bwana shamba arudi kesho. Amekubali.

Jumamosi, 8 Machi
Mafundi wamefika na sururu. Nimekaa juu ya rundo. Mwenye nyumba akanisihi nisimtie aibu mbele za watu. Nikamwambia aibu aliileta mwenyewe, na zege lake. Bwana shamba akaeleza yote: wanachimba, wanalainisha udongo, wanakula minyoo na mchwa.

Mshonaji akageuka. Kabati lake la vitambaa limeshaliwa miguu miwili.

"Mchwa wanawala kweli?"

"Sana tu, mama."

"Basi baba, zege hilo peleka kwako," akamwambia mwenye nyumba. "Kona ya bibi isiguswe."

Sururu zikaondoka begani kama zilivyokuja.

Jumapili, 9 Machi
Mshonaji ameniletea chai, akanishukuru. Nikaona nimepata mwanya. Nimemwambia wanyama hawa wakibanwa huhama, kwa hiyo kamba zake zilizo upande wa pili wa ua nazo zitoke, niwapanulie rundo. Akasita. Nikamwambia nina mjukuu, mtaalamu wao mkubwa, atakuja kuthibitisha.

Kwa hiyo ukija, vaa koti jeupe. Piga magoti, chungulia ardhi, kohoa kidogo, kisha sema wanahitaji ua mzima.