Watoto Kumi na Wawili kwa Tembo wa Saruji

Jumatatu, 9 Novemba 2009

Daftari la zamani la Jiografia, kurasa za nyuma. Maisha mapya yanaanza hapa.

Nimemaliza kidato cha nne wiki tatu zilizopita. Matokeo ni mwakani. Nakaa Tunduma kwa shangazi Marita, anayeuza nyanya karibu na mpaka. Leo kanipeleka nikamwitie wateja. Kazi yenyewe ni kusimama na kupaza sauti mpaka Wazambia wageuke. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Shangazi akaniuliza kama nyanya zimeniudhi. Mama wa meza ya jirani akasema mwacheni, huyo anawaombea.

Siwezi kazi hii. Nitakufa, na nitakufa kimya.

Lakini kuna habari! Mwalimu Getruda wa chekechea ya mtaani kwetu anatafuta msaidizi. Nikakimbia. Nikamkuta Ketrina ameshaketi. Tulisoma naye darasa moja. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga kelele kutunyamazisha. Mwalimu akasema nafasi ni moja. Jumamosi anawapeleka watoto Vwawa, kwenye bustani ya wanyama. Kila mmoja wetu atakabidhiwa watoto kumi na wawili. Atakayewatunza vizuri ndiye atakayepata kazi.

Ketrina akajibu kwa sentensi nne. Mimi niliitikia kwa kichwa.

Jumatano, 11 Novemba

Nimepata mbinu!

Kwetu Momba, bondeni, baba hahesabu ng'ombe; kuhesabu chenye uhai ni kukiitia mkosi. Jioni anasimama mlangoni mwa zizi na kuwatazama wakiingia. Basi. Huyu mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, yule wa kijivu, yule mweusi mwenye pembe iliyopinda. Akimaliza kutazama anasema nani hayupo. Hajawahi kukosea. Bwana mifugo alipokuja akaanza kunyoosha kidole, moja, mbili, tatu, mama alimwita anywe maziwa kabla hajafika kumi.

Mimi mwenyewe nilisimama pale kila jioni kabla sijaletwa huku kusoma. Moshi wa kinyesi kikavu unapanda, ndama wanalia, baba kaweka mkono begani kwangu. Ananiuliza nani hayupo. Nikipatia anacheka. Sijui kama nimewahi kupata alama darasani iliyonifurahisha kama kicheko kile.

Kwa hiyo sitahesabu watoto. Nitawajua kwa rangi. Asubuhi hapa ni baridi, kila mtoto ana sweta lake. Bluu yenye kiraka, nyekundu isiyo na vifungo, kijani ya kaka yake inayofika magotini. Nimekariri wote kumi na wawili. Yule wa kijani ni Boazi. Analia getini kila siku ya Mungu tangu Januari. Mwalimu kaniambia nisihangaike, huyo ndivyo alivyo.

Alhamisi, 12 Novemba

Ketrina kanunua filimbi.

Kawapanga wake mstari, anawagonga kichwani mmoja mmoja akihesabu kwa sauti ya kusikika Zambia. Akamwambia Mwalimu kwamba Nyanzobe, yaani mimi, atawachunga wake kama ng'ombe. Watoto wakacheka. Mimi nilifurahi sana. Baadaye, nikiwa napika, nikang'amua kwamba lilikuwa tusi.

Nilichelewa makusudi kuondoka chekecheani ili nisikie kengele ya mwisho. Ni rimu ya gari tu, imening'inizwa kwenye mti. Shuleni kwetu ilikuwa rimu hivyo hivyo. Wiki tatu tu, na tayari inaniuma rohoni. Hata Hesabu nimezikumbuka. Kidogo.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimefanya majaribio. Nimefumba macho nikataja masweta yote. Mara tatu. Sikukosea. Shangazi alipita akanisikia nikisema bluu yenye kiraka, nyekundu bila vifungo. Akauliza nimeanza lini biashara ya mitumba.

Ketrina, pole sana.

Jumamosi, 14 Novemba

Naandika haraka, kabla wino haujaisha.

Safari ilianza vizuri. Kosta ilijaa nyimbo. Boazi hakulia, kwa sababu alilala. Tukafika bustanini. Ah! Kuna tembo wa saruji mkubwa kama nyumba. Mtoto anapanda ngazi kwenye mguu wa nyuma na kuteleza kwenye mkonga. Kuna kiboko aliyeachama, unaingia mdomoni na kutokea mkiani. Kuna twiga wawili wameshikilia bembea, na jukwaa la punda milia wa mbao linalozungushwa kwa mkono. Nikiwa na umri wa watoto hawa, bembea yangu ilikuwa kamba ya kufungia ndama. Nilisimama nimeduwaa kama mimi ndiye nina miaka mitano.

Hapo getini ndipo mkosi ulipoanza. Mzee Anania, mwenye bustani, ana utaratibu wake. Kila mtoto anayeingia anavuliwa sweta na kuvalishwa fulana ya njano, ili yeye ajue nani kapita getini na nani karuka ukuta. Masweta yote yanatiwa kwenye gunia. Nikayatazama yakiingia. Nyekundu. Bluu. Kijani. Kazi yangu yote ya wiki nzima, ndani ya gunia!

Na humo ndani walikuwemo watoto wa chekechea nyingine, ya Mlowo. Kama thelathini hivi. Wote njano.

Ketrina akapuliza filimbi, akahesabu kumi na wawili, akanitazama kwa huruma.

Nikafikiri haraka. Baba, ng'ombe akiwa wa kufanana na wa jirani, humtia alama sikioni. Nilikuwa na kalamu. Nikawaita wangu nyuma ya kiboko, nikamwekea kila mmoja nukta ya bluu kwenye sikio la kushoto. Boazi alisimama wima kama askari anayevishwa nishani. Akauliza kama sasa yeye ni wa kwangu. Nikasema ndiyo. Hakulia siku nzima.

Mbinu safi! Ilidumu kama dakika kumi. Mtoto mmoja wa Mlowo akaja kuuliza hiyo ni dawa ya nini. Mwingine akasema anti, na mimi. Nilitaka kukataa. Neno la kukataa ninalo, ila huwa linachelewa kufika. Wakapanga foleni. Nilipomaliza, wino ulikuwa umebaki wa kuandikia ukurasa huu tu, na bustani nzima ilikuwa na nukta sikioni.

Hata hivyo ningeweza kuwatambua kwa sura kama nisingemwona yule ng'ombe.

Yuko kwenye kona, nyuma ya simba, na hakuna anayempanda. Fundi alimpaka rangi nyekundu na baka jeupe ubavuni. Pembe moja imevunjika, nondo imetokeza. Nikaenda nikamshika shingo. Saruji ilikuwa na joto la jua. Nikasikia moshi puani, naapa. Msichana mmoja mdogo akaja akauliza anaitwa nani. Nikamweleza. Nikamwambia habari za baba, za zizi, za ndama wanaotangulia kurudi kwa sababu ya njaa. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Alisikiliza yote, kidole mdomoni. Kisha akanishika mkono.

Kosta ikapiga honi. Nikasimama mlangoni mwa gari kama baba, nikawatazama wakipanda. Nikajisikia moyoni kwamba wote wapo. Masweta tuligawa humo humo garini, kila mmoja akachukua lililomfikia mikononi.

Tulipofika Tunduma Ketrina akahesabu wake, kumi na wawili. Halafu, bila kuombwa, akahesabu wangu.

Kumi na watatu.

Akarudia kwa filimbi. Kumi na watatu. Yule msichana alikuwa bado kanishika mkono. Anaitwa Rozi. Ni wa Mlowo. Mwalimu Getruda akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Simu yake ikalia. Alikuwa Mzee Anania, akisema kwamba mwalimu wa Mlowo anachungulia ndani ya kiboko kwa tochi.

Jumapili, 15 Novemba

Mama yake Rozi alikuja jana ile ile kabla giza halijaingia. Alimkuta mwanawe kwa shangazi, akila ugali na maziwa ya mgando. Alinikamata kwa maneno. Akaniuliza kwetu watoto huokotwa? Akauliza mimi ni mwalimu au ni mwewe? Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Sauti haikutoka vizuri, ila machozi yalitoka. Rozi akamwambia mama yake anyamaze kwanza, hajamaliza maziwa. Baada ya hapo mama akaketi. Akapewa na yeye. Wameondoka salama, lakini mama alipofika mlangoni aligeuka akahakikisha kwamba kashika mtoto wake.

Shangazi kasema wenzangu wakienda matembezi wanarudi na pipi, mimi nimerudi na mtoto wa watu.

Baada ya ibada Mwalimu Getruda akaniita pembeni. Akasema hana ubaya na mimi. Akasema mtoto aliyezidi Tunduma ni mtoto aliyepungua Mlowo, na kwamba mama yule alikaa saa tatu akidhani hana mwana. Nilisikia. Nimelia sana kwa ajili ya zile saa tatu. Kazi kapewa Ketrina.

Kesho, nyanya.

Jumanne, 17 Novemba

Siku mbili za nyanya. Nimeuzia watu wawili. Mmoja alikuwa akiulizia njia.

Mchana nikainua macho, namwona Mwalimu Getruda mbele ya meza. Hakutaka nyanya. Akanieleza kwamba jana Boazi alikuja hadi getini na nukta sikioni, kajichorea mwenyewe kwa mkaa. Wenzake kumi na mmoja hivyo hivyo. Ketrina akawafuta kwa kitambaa. Ndipo Boazi alipolia, na safari hii wakalia wote. Leo wamerudi na mkaa tena. Wanamuuliza Ketrina kila dakika anti wa ng'ombe yuko wapi. Ketrina kasema hakuzaliwa kuulizwa habari za Nyanzobe, anakwenda kuuza simu kwenye duka la mjomba wake. Filimbi kaondoka nayo.

Mwalimu akasema nije kesho, ila kwa sharti moja. Asubuhi na mchana nihesabu watoto kwa sauti, kwa kidole, mmoja mmoja. Akanifanya nirudie sharti hilo mara mbili. Nikarudia. Shangazi akadakia kwamba nikileta mwingine nyumbani, nitamzaa mimi mwenyewe.

Jumatano, 18 Novemba

Mimi ni mwalimu msaidizi! Boazi aliingia getini akitembea kwa miguu yake, macho makavu, sikio mbele. Laiti baba angekuwepo aone.

Kuhusu lile sharti. Nilinyoosha kidole, kweli. Nikafungua mdomo niseme moja. Nikamwona mama akinikazia macho toka Momba. Nikakunja kidole. Mwalimu Getruda alikuwa mbali, nikamwinulia tu mkono kumwonyesha kwamba mambo ni shwari.

Nimesimama mlangoni nikawatazama wakiingia. Wote wapo, sina wasiwasi hata chembe. Yule mmoja wa dirishani tu ndiye sura yake imenipotea kidogo. Atakuwa amenyolewa.